Wakili Akikukosea, Umpeleke Wapi?

Toleo lililopita msomaji wa Mkolani, hapa Mwanza, aliniuliza kama kuna mtu anayeweza kumwajibisha wakili. Nilimjibu kwa kifupi kwamba yupo, ni Kamati ya Mawakili. Barua zilizokuja baada ya hapo zimenionyesha kuwa jibu lile halikutosha, kwa hiyo leo ukurasa wote ni wa jambo hilo. Nimefupisha barua na kuondoa majina ya watu, ofisi na kampuni. Anayelalamikiwa ana haki ya kusikilizwa kabla jina lake halijatembea mtaani.

*Shikamoo mama. Nauza dagaa hapa Mwaloni, Kirumba. Mume wangu aligongwa na basi akafariki. Wakili mmoja alikuja mwenyewe msibani akasema atatufuatilia hela ya bima, naye achukue chake tukishalipwa. Nilisaini karatasi nyingi. Sasa ni zaidi ya mwaka, nikimpigia anasema bima wanamzungusha. Shemeji yangu alikwenda ofisi ya bima akaambiwa hela ilishatoka. Watu wananiambia wakili hashitakiki, halafu karatasi zangu zote anazo yeye. Nifanyeje?*
— Mama wa dagaa, Kirumba

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa msiba.

Wakili anashitakika. Aliyekuambia hashitakiki amekutia woga bure, na woga huo ndio unaowapa nafasi wachache wanaoichafua kazi yetu. Mimi mwenyewe ni wakili, na kabla ya hapo nilikuwa karani wa masjala. Barua kama yako zinaniuma, kwa sababu mjane anayeamka alfajiri kupokea mitumbwi hapaswi pia kumkimbiza mtu aliyeapa kumtetea.

Kabla ya kulalamika popote, tafuta karatasi. Iandikie kampuni ya bima barua, wewe pamoja na msimamizi wa mirathi kama ni mtu mwingine. Uliza mambo manne: malipo yalitoka lini, yalikuwa kiasi gani, yaliingia akaunti ya nani, na nani alisaini hati ya kukubali malipo. Omba nakala ya hati hiyo. Katika zile karatasi nyingi ulizosaini, inawezekana hiyo ilikuwamo. Neno la shemeji kwamba "waliniambia imetoka" halitakufikisha mbali, lakini barua ya bima yenye tarehe na kiasi itamlazimu wakili atoe maelezo.

Ukishaipata, mwandikie wakili. Mwambie akupe hesabu ya fedha aliyopokea na akurudishie nyaraka zako, na umpe siku za kujibu. Ipeleke barua ofisini kwake, wagonge muhuri wa kupokea kwenye nakala yako. Wakikataa kugonga, nenda na mtu atakayeweza kusema kesho kwamba aliona barua ikikabidhiwa. Kuhusu nyaraka, usikubali kufungwa nazo. Nakala ya cheti cha kifo inapatikana RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo; taarifa za ajali ziko polisi kitengo cha usalama barabarani, na mafaili ya mirathi yako mahakamani ulikofungulia. Ni usumbufu, najua, lakini hakuna kilichopotea moja kwa moja.

Ndipo unakwenda Kamati ya Mawakili, ile ambayo magazeti huiita Kamati ya Maadili ya Mawakili. Imeundwa na Sheria ya Mawakili, Sura ya 341. Mwenyekiti wake ni Jaji wa Mahakama Kuu anayeteuliwa na Jaji Mkuu, na pamoja naye hukaa mtu wa upande wa Mwanasheria Mkuu wa Serikali na wakili anayetoka Chama cha Mawakili Tanganyika, yaani TLS. Mtu yeyote anaweza kulalamika mbele yao. Huhitaji kuweka wakili wala kuwa msomi. Unaandika malalamiko na kuyaambatanisha na hati ya kiapo, pamoja na ule ushahidi wa maandishi uliokusanya. Uliza ofisi ya Msajili, Mahakama Kuu hapa Mwanza, wakuelekeze namna ya kuyafikisha kwa Katibu wa Kamati. Kama unaogopa kwamba hakuna wakili mjini atakayekuapisha dhidi ya mwenzake, makamishna wa viapo wapo mahakamani pia.

Jambo moja ulijue mapema. Kamati haina askari wa upelelezi watakaokwenda kupekua ofisi ya wakili kwa niaba yako. Uchunguzi wake ni wa kusikiliza: wewe unaleta, yeye anatakiwa kujibu, na mashahidi na nyaraka vinapimwa. Usipoleta kitu cha kujibiwa, malalamiko yanaweza kuishia mlangoni. Nimesoma malalamiko yenye kurasa za uchungu mtupu, bila tarehe wala kiasi, na moyoni nikajua mwenye nayo anasema kweli. Ukweli wa namna hiyo Kamati haina mahali pa kuushika.

Akionekana na hatia, anaweza kupewa onyo, kusimamishwa uwakili kwa muda, au jina lake kuondolewa kabisa kwenye orodha ya mawakili. Kwa hayo uliyonieleza, kama ni kweli, makosa yake ni mawili. Kuja msibani kutafuta kazi ni kosa la maadili peke yake, hata kama angekulipa kila shilingi. Na fedha ya mteja haichanganywi na fedha ya wakili. Kanuni za maadili za mwaka 2018 zimelisimamia hilo vizuri. Kukaa nayo huku ukimwambia mjane "bima wananizungusha" ni zaidi ya utovu wa maadili. Sheria ya Kanuni za Adhabu inaujua wizi unaofanywa na mtu uliyemkabidhi mali akufanyie kazi. Kwa hiyo polisi nako unaweza kwenda, na huhitaji kusubiri Kamati imalize. Kumvua uwakili hakukurudishii hela mfukoni, na kesi ya jinai peke yake haimzuii kuvaa joho. Nenda kote kuwili.

*Mimi ni mkazi wa Buswelu. Nilishindwa kesi ya kiwanja Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Nikamlipa wakili akate rufaa. Kila nikiuliza aliniambia "iko kwenye mfumo". Nimekuja kugundua hakuna rufaa iliyofunguliwa na muda umepita. Nikimpeleka kwenye hiyo Kamati yako, rufaa yangu itafunguliwa upya?*
— Mzee wa Buswelu

Hapana mzee wangu. Nakuomba uisome "hapana" hii mara mbili, kwa kuwa hapa ndipo watu wengi wanapoumia mara ya pili. Kamati inamshughulikia wakili. Haina mamlaka juu ya kiwanja chako, juu ya Baraza wala juu ya rufaa. Mtu anaweza kukaa anasubiri Kamati, ikamwona wakili ana hatia, na siku hiyo hiyo dalali akawa getini kwake na amri ya kumtoa.

Kwa hiyo anza na rufaa, leo. Kutoka Baraza la Wilaya kwenda Mahakama Kuu ulikuwa na siku 45. Lakini tafuta tarehe mbili: siku uliyoomba nakala ya hukumu na siku uliyoambiwa nakala iko tayari. Sheria ya Ukomo wa Muda inaziacha nje ya hesabu siku za kungojea nakala unazohitaji kwa rufaa. Huenda muda wako ulichelewa kuisha kuliko unavyodhani. Kama umekwisha kweli, unaomba Mahakama Kuu ikuongezee muda, na katika maombi hayo utatakiwa kueleza kila siku ya ucheleweshaji ilikwenda wapi. Kila wiki unayoipoteza ukimfuata wakili huyo kwenye vibaraza vya mahakama ni wiki nyingine ya kueleza.

Hapa nina neno zito. Usitegemee kusema tu "wakili wangu alizembea". Mahakama ya Rufani imeshasema mara nyingi kwamba uzembe wa wakili peke yake si sababu ya kutosha ya kuongezewa muda. Nimekuwa nikiona msimamo huo ni mkali mno kwa mtu asiyejua kusoma mfumo wa mahakama, lakini ndio uliopo, na hakimu au jaji atakusomea huo. Kinachoweza kukusaidia ni kuonyesha ulichofanya wewe: uliuliza lini, ukajibiwa nini, ulikwenda masjala lini kuhakikisha, na ulipogundua ulichukua siku ngapi kuchukua hatua. Ujumbe wa simu aliokuandikia kwamba "iko kwenye mfumo" ni dhahabu. Usiufute. Uchapishe, na simu yenyewe uitunze.

Hapo hapo peleka malalamiko Kamati ya Mawakili, sambamba. Kuchukua ada ya rufaa, kutokuifungua, kisha kumwambia mteja imefunguliwa, ni uzembe ulioongezewa uongo, na mimi naona uongo ndio mbaya zaidi. Wakili anaweza kukosea hesabu ya siku. Akisema mapema, mteja anapata nafasi ya kujiokoa. Anayeficha anaondoa hata nafasi hiyo.

Halafu kuna hasara yako. Usiifikirie Kamati kama mahali pa kudai fidia. Fidia ya uzembe unaidai mahakamani kwa kesi ya madai. Ukidai kwa msingi wa mkataba una miaka 6, ukidai kwa msingi wa uzembe una miaka 3. Utatakiwa kuonyesha pia kwamba rufaa ile ilikuwa na uzito, kwamba ulipoteza kitu na si karatasi. Tafuta wakili mwingine aisome hukumu ya Baraza kabla hujaamua. Na mzee wangu, ukimpata, mwombe barua ya makubaliano ya kazi na risiti. Hatakasirika kama ni mtu wa kazi.

*Mama, hakimu wa mahakama yetu huku Magu anakula na upande wa pili waziwazi. Nimpeleke Kamati ya Mawakili?*
— Nimechoka, Magu

Hapana, hapo utakuwa umegonga mlango usio wake. Hakimu hasimamiwi na Kamati ya Mawakili. Kwa mahakimu zipo Kamati za Maadili ya Maofisa wa Mahakama chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mahakama ya mwaka 2011. Ya wilaya mwenyekiti wake ni Mkuu wa Wilaya, ya mkoa ni Mkuu wa Mkoa, na juu yao iko Tume ya Utumishi wa Mahakama. Rushwa ni ya TAKUKURU. Ila kama unachokiita "kula" ni kwamba amekataa hoja zako, dawa yake ni rufaa. Tenganisha hayo mawili kwa uaminifu kabla hujaandika jina la mtu.

*Mimi ni fundi wa mitumbwi Igombe. Nilinunua kiwanja Kisesa. Mkataba tuliandikiwa na jamaa mwenye ofisi ya steshenari, ana muhuri umeandikwa wakili, nikamlipa. Sasa muuzaji amemuuzia mtu mwingine kiwanja hicho hicho. Nimerudi kwa yule jamaa, naye ananikwepa. Nasikia eti si wakili.*
— Fundi, Igombe

Huyo ndiye tunayemwita kishoka, na kwa bahati mbaya Kamati ya Mawakili haina meno juu yake. Inaweza kumvua uwakili mtu aliye nao. Asiye nao atavuliwa nini? Wa kwake ni polisi, kwa sababu Sheria ile ile ya Mawakili inafanya kuwa kosa la jinai mtu asiyestahili kujifanya wakili, au kuandaa hati za aina hiyo kwa malipo.

Kwanza hakikisha. Mahakama ina mfumo wa mtandaoni unaoitwa e-Wakili, ambao mtu yeyote anaweza kutafuta jina la wakili na kuona kama anaruhusiwa kufanya kazi. Jina kuwamo kwenye orodha ya mawakili hakutoshi. Leseni ya uwakili ni ya mwaka mmoja na inaisha Desemba 31, na asiyeihuisha hapaswi kupokea kazi yako hata kama aliapishwa miaka 20 iliyopita. Kisha angalia mwisho wa mkataba wako. Sheria inamtaka aliyeandaa hati aandike jina na anwani yake juu yake. Vishoka wengi huweka muhuri mkubwa wenye wino mwingi, jina halisomeki na anwani hakuna.

Inawezekana pia muhuri ule ni wa wakili wa kweli aliyeukodisha au kuuacha steshenari ufanye kazi bila yeye. Nimeshayaona hayo, na yananikera kuliko kishoka mwenyewe. Kama jina kwenye muhuri lipo kwenye e-Wakili, lakini mtu aliyekaa mbele yako alikuwa mwingine, basi umepata wawili: kishoka ni wa polisi, na mwenye muhuri ni wa Kamati.

Mkataba usiuchane. Hata ukiandikwa vibaya, bado ni ushahidi kwamba ulitoa fedha, lini, na nani alishuhudia. Mgogoro wa nani mwenye kiwanja unaanzia Baraza la Kata kwa usuluhishi. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, Baraza la Kata linasuluhisha tu, halitoi tena hukumu. Wakishindwa kuwapatanisha ndani ya siku 30, unaendelea Baraza la Wilaya.

*Shikamoo. Nimemaliza masomo Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo na nasubiri kuapishwa. Unawahimiza watu watulalamikie, lakini hukusema kwamba mamlaka haya yanaweza kutumika kumnyamazisha wakili anayesema yasiyopendeza wakubwa. Huoni hatari hiyo?*
— Mtarajiwa, Nyegezi

Marahaba, na karibu kazini. Naiona.

Sote tunakumbuka suala la Fatma Karume, aliyewahi kuwa Rais wa TLS. Septemba 2019 Jaji Kiongozi alimsimamisha uwakili kwa muda Tanzania Bara, kutokana na maneno yaliyoandikwa katika kesi ya kupinga uteuzi wa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Sheria ya Mawakili inawapa majaji uwezo wa kumsimamisha wakili hata kabla ya Kamati kukaa. Septemba 2020 Kamati ikaamua aondolewe kwenye orodha. Alikata rufaa, na Juni 2021 Mahakama Kuu ikautengua uamuzi huo. Kati ya kusimamishwa na kurudishwa ulipita karibu mwaka mmoja na miezi tisa, na wakili aliyesimamishwa hapati riziki kwa uwakili.

Maoni yangu ni haya. Mwanasheria Mkuu akiwa ndiye mlalamikaji, kile kiti cha upande wake ndani ya Kamati kinaleta shida. Hata wakikaa malaika, anayelalamikiwa atatoka akijua mshitaki wake alikuwa na mtu mezani. Ningependa sheria iseme wazi kwamba katika shauri la namna hiyo kiti hicho kinakaliwa na mtu mwingine. Na ningependa maamuzi ya Kamati yabandikwe kwenye mbao za matangazo za mahakama kila mkoa, yaliyomtia mtu hatiani na yaliyomsafisha, ili wananchi wajue kinachoadhibiwa ni nini hasa.

Lakini hatari hiyo hainifanyi nimwambie mama wa dagaa anyamaze. Wakili maarufu akionewa, ana wenzake wa kumsimamia na magazeti ya kumwandika. Mjane aliyeliwa fedha ya bima hana. Jaji kuwa mwenyekiti, haki ya kujibu kabla ya kuhukumiwa, na rufaa Mahakama Kuu ni ulinzi uliowekwa kwa ajili yako wewe mtarajiwa. Ujue na uutumie. Na ulinzi wa kwanza kabisa uko mikononi mwako: risiti kwa kila shilingi, barua ya makubaliano kwa kila kazi, na fedha ya mteja usiiguse hata kwa siku moja ya shida.

*Mama, huku Nansio tuna msaidizi wa kisheria anatuandikia barua, lakini kila nikienda ananidai "ya soda", na mara ya mwisho alitaka elfu kumi kwanza. Nikimsema atakataa kunisaidia. Wabeja.*
— Wa Ukerewe

Wabeja nawe. Wasaidizi wa kisheria hawako chini ya Kamati ya Mawakili. Wana sheria yao, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na Msajili wao yuko wizara inayoshughulikia katiba na sheria. Msaada wao ni wa bure. Anayeudai malipo, ayaite soda au ayaite jina jingine, anahatarisha usajili wake, kwa sababu Msajili anaweza kuusimamisha au kuufuta.

Nina neno la kumtetea kidogo, kwa kuwa nimefanya kazi na wengi wao na ni watu wa kujitolea kweli. Kama ulimwomba apande meli kuja Mwanza kwa shauri lako na mkakubaliana umchangie nauli, hilo liseme wazi na utofautishe na elfu kumi ya kuandika barua. Hilo la pili ndilo la kulalamikia.

Huna haja ya kuvuka maji kwa ajili hiyo. Nenda idara ya maendeleo ya jamii hapo halmashauri yenu, ambako mara nyingi ndiko aliko msajili msaidizi. Uliza kwanza kama huyo mtu amesajiliwa na chini ya shirika gani, kwa maana msaidizi halali ana shirika linalomsimamia. Kisha acha barua yenye tarehe ulizodaiwa na kiasi, na kama ulilipa kwa simu, taja namba za miamala. Uliza vilevile jina la msaidizi mwingine wa kata ya jirani, ili shauri lako lisikae likingoja.